Miaka mitano Iowa, miaka tisini Lubumbashi

Bwana Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkaaji wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, na gazeti lenu ninalinunua kila juma kwa kijana anayepanga magazeti chini mbele ya duka la unga. Juma lililopita, ukurasa wenu wa tano ulikuwa na habari mbili zilizokaa bega kwa bega. Upande wa kushoto mwandishi wenu alilalamika kwamba watoto wa Lubumbashi wanaokwenda Marekani wanavua majina yao, lugha yao na nchi yao kama mtu anayevua shati lenye jasho. Upande wa kulia kulikuwa na picha ya kijana aliyeshuka kwenye treni ya Kasai, ameketi juu ya bidoni, yaani dumu, la manjano, mfuko wake katikati ya miguu, na maandishi ya juu yakiuliza serikali itaufunga lini mlango huo kabla mji haujafurika.

Nilisoma zote mbili mara tatu, bukari, ugali wetu, ikapoa mezani. Ninaomba nafasi nizijibu pamoja, kwa sababu kwangu mimi ni habari moja. Binti yangu ni Mmarekani tangu mwaka 2022. Na nkambo wangu, aliyemzaa baba yangu, alikuwa kijana kama huyo wa kwenye bidoni.

Nianze na nkambo. Aliondoka kijijini kwao karibu na Mwene-Ditu mwaka 1934. Reli ya BCK, kampuni ya enzi ya Wabelgiji, ilikuwa imekwisha kuunganisha Bukama na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, tangu mwaka 1928, na kwa vijana wa Kasai reli hiyo ndiyo iliyokuwa meli yao. Alikuja na blanketi moja na Kiluba chake cha Kasai. Kiswahili hakukijua hata salamu. Alipewa kazi ya kubadilisha mataruma ya reli, akakijifunza Kiswahili kwa kapita wake, yaani msimamizi, aliyekuwa Mbemba, ambaye naye alikuwa amejifunza kazini. Mji wenyewe, ulioitwa Élisabethville, ulikuwa na umri wa miaka 24 tu. Ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka Rhodesia ilifika. Walamba na Wasanga walikuwepo kwenye ardhi hii, na heshima yao haikanushiki. Lakini wale waliojenga mji, waliochimba, waliooka mikate na kushona suruali, walitoka Luapula, Nyasaland, Angola, Kasai, Rwanda-Urundi, Ugiriki na Italia. Ukienda mjini utaona sinagogi ya mwaka 1930 bado imesimama. Iliwekwa na Wayahudi, wengi wao wakitoka kisiwa cha Rhodes. Kutoka kisiwa hichohicho ndugu zao wengine walipanda meli wakaenda Seattle, Marekani. Kisiwa kimoja, familia zilezile, wengine wakashukia Seattle na wengine wakashukia kwetu. Hata Kiswahili hiki tunachokiota usiku kilienea hapa pamoja na kazi.

Ndiyo maana nasema tabia hiyo mnayoiita ya Kimarekani, ya mtu kufunga mzigo, kuvuka, na kuanza kuwa mtu mwingine, ni tabia ya mji huu tangu jiwe lake la kwanza.

Sasa hayo ya majina. Mwandishi wenu aliandika kwamba maofisa wa Ellis Island, pale bandarini New York, waliwabandika wageni majina mapya kwa nguvu, na kwamba desturi hiyo inaendelea. Hapo amekosea, na hadithi hiyo inapendwa sana hata na Wamarekani wenyewe. Kituo hicho kilipokea wageni zaidi ya milioni 12 kati ya mwaka 1892 na 1954, na makarani wake walifuata orodha za abiria zilizoandikwa na kampuni za meli huko walikotoka. Wengi waliobadilisha majina walifanya hivyo wenyewe, baadaye, kwa sababu zao: kupata kazi, kuacha kuchekwa, kumkaribia jirani.

Sisi ndio tuliobandikwa. Nilizaliwa mwaka 1963, na cheti changu kinasema Élisabethville. Nilipokuwa na miaka mitatu mji ukaitwa Lubumbashi. Nilipokuwa na minane nchi ikawa Zaïre na Katanga ikawa Shaba. Mwaka uliofuata mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akachukua kalamu nyekundu, akakata majina yetu ya ubatizo mstari kwa mstari. Nilikuwa nimesimama karibu na meza yake na wino ule niliuona ukipita juu ya langu. Nilipofika miaka 34 nchi ikarudi kuwa Kongo na Shaba ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2015 Katanga nayo ikagawanywa kuwa mikoa minne, nasi tukawa watu wa Haut-Katanga. Mara zote hizo hakuna aliyekuja Katuba kutuuliza tunataka kuitwa nani.

Binti yangu aliulizwa. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza polepole.

Mwaka 1992 nilikuwa nikifundisha Likasi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanajua kilichotokea, na vijana wenu waulize wazazi. Watu wenye asili ya Kasai tulianza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Tulifukuzwa kazini, kisha nyumbani. Laki kadhaa ya watu waliondoka Katanga mwaka ule na uliofuata. Sisi tulikimbilia stesheni ya Likasi kungoja treni ya kutupeleka Kasai, na treni haikuja kwa siku, kisha kwa majuma, kisha kwa miezi. Tulilala kwenye turubai, familia kwa familia, na mvua ya Januari ilikuwa ikipita chini yetu. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka miwili, alikufa kwa surua palepale. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Mwezi wa pili mwaka 1993 mke wangu alijifungua mtoto wa kike juu ya gunia, nyuma ya ukuta wa stesheni, akina mama wakiwa wameshika vitenge kuzunguka. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingo mara mbili. Mama mzee mmoja, ambaye hatukumjua na hatukumwona tena, alikifungua kwa kidole kimoja bila haraka, kama mtu anayefungua fundo la uzi, mpaka mtoto akalia. Kwetu mtoto aliyezaliwa hivyo ana jina lake, halichaguliwi: ni Mujinga. Ni jina la heshima. Linasema kwamba huyu alikuja amefungwa akafunguka.

Tulikaa Kasai miaka sita. Huko tuliitwa Wakatanga. Watoto walipotusikia tukisema Kiswahili kisimani walitucheka, na mashamba tuliyopewa yalikuwa yale ambayo mwenyeji hakuyataka. Mwaka 1999 tulirudi Lubumbashi kwa sababu ndiko tulikojua kuishi. Mujinga akaingia darasa la kwanza. Sihitaji kuwaeleza wasomaji wa Kiswahili jina hilo linasikikaje masikioni mwa watoto sitini. Mwalimu mmoja, katika shule ambayo sitaitaja, alilirudia mbele ya darasa kila mtoto alipokosa hesabu. Akiwa na miaka kumi na miwili binti yangu alitupigia magoti tumwite Clarisse. Tulikubali. Tangu siku hiyo, shuleni, kanisani, hata kwenye kadi ya chuo kikuu, alikuwa Clarisse, na jina la stesheni likabaki midomoni mwa mama yake peke yake.

Mwishoni mwa mwaka 2014 alicheza loteri ya viza katika duka la intaneti mjini. Loteri hiyo ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1990, iliyotenga hadi viza 55,000 kwa mwaka kwa watu wa nchi ambazo hazipeleki wahamiaji wengi. Jina lake likatoka. Kuhusu mahojiano ya Kinshasa, ada ya dola 330, uchunguzi wa daktari na tikiti, nitasema tu kwamba tuliuza kiwanja cha Ruashi. Mwanamume mmoja alimwahidi dola 3,000 amwandike kuwa mumewe. Alikataa, na nilijivunia kukataa kwake kuliko kushinda kwake.

Alifika Cedar Rapids mwaka 2016. Ni mji wa Iowa wenye viwanda vya nafaka. Anasema asubuhi upepo ukigeuka mji mzima unanukia uji. Alipokelewa na mama mmoja wa kanisa aliyempa chumba cha nyuma kwa miezi minne bila kodi, kwa sharti moja tu, asaidie kusukuma theluji mlangoni. Shahada yake ya ualimu haikumfaa kitu. Alianza kwa kusafisha ofisi, kisha akapata mafunzo ya kuwahudumia wazee, na mpaka leo anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee: anawageuza kitandani, anawaosha, anawakata kucha. Jioni mbili kwa juma anasomea uuguzi. Anayefikiri kujifanya mtu mpya ni kubadilisha nguo na lafudhi angemwona mikono yake. Kuna usiku alinipigia akilia kwamba ana miaka ishirini na mitano na anajifunza tena kushika sponji.

Bibi mmoja aliyemhudumia, ambaye wazazi wa wazazi wake walitoka Bohemia, alimwonyesha mtaa wa Wacheki ulioko mjini humo, wenye makumbusho yao na mikate yao. Na mji huohuo una msikiti wa zamani uliojengwa na wahamiaji kutoka Lebanoni na Siria. Ulifunguliwa mwaka 1934. Binti yangu aliponiambia mwaka huo nilinyamaza kidogo kwenye simu. Ni mwaka ambao nkambo alishuka kwenye treni ya BCK na blanketi lake.

Tarehe 10 Agosti 2020 dhoruba kubwa ya upepo iliipiga Cedar Rapids, ikang'oa mapaa na kuangusha miti kwa maelfu. Wahamiaji wengi wa Afrika waliokuwa wakipanga nyumba walilala nje kwenye mahema kwa siku kadhaa. Alinitumia picha. Mke wangu alipoyaona mahema yale, na nguo zilizoanikwa juu ya kamba, na watoto wamekaa kwenye majani, alirudisha simu na kwenda kukaa uani. Nilimpigia binti yangu nikamuuliza swali moja tu: je, kuna mtu aliyekuja kuwaambia mrudi kwenu? Akasema watu walikuja na maji, blanketi na chakula, na mzee mmoja alikuja na msumeno wa mafuta akakata mti ulioziba njia, akaenda zake. Huko nako wapo wanaowachukia wageni, na siku nyingine amekutana nao. Siku hiyo hawakuja.

Baada ya miaka mitano ya ukaaji wa kudumu, sheria yao inakuruhusu kuomba uraia. Kuna mtihani. Wakati ule maswali yalikuwa mia moja, unaulizwa kumi, na ukipata sita umefaulu. Mimi nilikuwa mwalimu wake. Kwetu saa mbili usiku, kwao saa saba mchana, alipokuwa akiamka baada ya kazi. Umeme ulikuwa haupo, tunawasha mshumaa, simu tunaiweka ndani ya kikombe cha bati ili sauti iongezeke, na mimi nasoma swali kutoka kwenye karatasi. Nani waliishi Marekani kabla ya Wazungu kufika? Watu gani walichukuliwa wakapelekwa Marekani kuuzwa kama watumwa? Nilishangaa kwamba serikali yenyewe inamtaka mgeni ayajue hayo kabla ya kumkubali. Tukafika swali la sababu mojawapo iliyowaleta walowezi Marekani. Majibu yanayokubaliwa yako kadhaa: uhuru, kuabudu wanavyotaka, nafasi ya kujitafutia maisha, kukimbia mateso. Mke wangu, ambaye habari za Likasi hazitamki, akasema kutoka kwenye mkeka: “Hiyo ya mwisho hana haja ya kuisoma.”

Kisha siku moja akanipigia saa isiyo ya masomo. Fomu ya uraia ina mahali panapouliza kama unataka kubadilisha jina, na jaji anaweza kulithibitisha siku ya kiapo. “Papa, beko bananiuliza kama nataka kubadirisha jina. Nibaambie nini?” Nilijibu vibaya. Nilimwambia kwa ukali kwamba asije akaweka jina la Kizungu la tatu juu ya yale aliyonayo. Alininyamazia mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: “Mi nataka batoshe Clarisse. Babakishe Mujinga.” Yaani waliondoe Clarisse, libaki Mujinga.

Nimemwandikia mhariri barua hii nzima, nadhani, kwa ajili ya sentensi hiyo. Mwandishi wenu anasema wanakwenda huko kuvua majina. Wangu alikwenda huko akalivaa lake. Aliniambia kwamba kwa miaka wagonjwa wamekuwa wakimwita jina lolote wanaloweza kutamka, na hakuna hata mmoja aliyelicheka, kwa hiyo ameona anaweza kulibeba. Siku ya kiapo, katika ukumbi wa mahakama, karani alisoma “Mujinga” mbele ya watu. Nyuma yake aliketi Mkongomani mwingine, mtu wa Uvira, anayejua maana zote mbili za neno hilo. Alipiga makofi. Video ninayo, ni ya dakika mbili hivi. Mkono wake wa kulia uko juu, na wa kushoto umeshika bendera ndogo ya karatasi iliyokunjika pembeni.

Sitaficha kwamba kiapo kiliniuma. Anayeapa anakana utii wote kwa mfalme au dola nyingine yoyote. Na huku kwetu, kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Maana yake mtoto aliyezaliwa juu ya gunia Likasi akitaka kuja kumzika mmoja wetu itabidi aombe viza. Hilo ningependa wabunge wetu walijadili kwa dhati kuliko kuwasema watoto magazetini.

Wala sisemi Marekani ni pepo. Kuanzia mwaka 1882 hadi 1943 sheria yao iliwafungia mlango vibarua wa Kichina kwa sababu ya kabila. Sheria ya mwaka 1924 ilipima watu kwa nchi walizotoka, na Mwafrika karibu hakuwa na nafasi; vipimo hivyo vilidumu mpaka Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria mpya chini ya Sanamu ya Uhuru tarehe 3 Oktoba 1965. Weusi wao walipelekwa kwa minyororo, na uraia wao uliingia katika Katiba mwaka 1868 tu, na hata baada ya hapo walinyimwa matunda yake. Na tarehe 27 Januari 2025, siku ambayo waasi wa M23 waliingia Goma na watu wakawa wanakimbia na magodoro vichwani, ndiyo siku ambayo agizo la rais wao la kusimamisha upokeaji wa wakimbizi lilianza kutumika. Siku moja. Nchi inayojisimulia kwamba imejengwa na waliokimbia mateso inaweza kuamka asubuhi ikasahau. Binti yangu aliniambia siku hiyo hakuweza kumtazama usoni mwanamke wa Goma anayefanya naye kazi, ambaye mama yake alikuwa akingojea kambini.

Lakini kuna kitu kimoja walichokiandika ambacho sisi hatujaandika. Ugeni wao una mwisho. Miaka mitano, mtihani, kiapo, na jaji anasimama anasema tangu sasa wewe ni sawa na mimi. Watu wanaweza kukudharau barabarani, lakini hakuna kadi ya serikali itakayoandikwa tena babu yako alitoka wapi. Na mtoto wako akizaliwa pale, ni mtu wa pale.

Hapa kwetu kadi yangu ya uchaguzi ina sehemu ya asili. Imeandikwa teritwari ya Kasai ambayo nimeishi miaka sita tu maishani mwangu, tena kama mkimbizi. Baba yangu alizaliwa hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, mwaka 1938. Mimi nimezaliwa hapa. Nimewafundisha kusoma watoto wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Kampemba kwa zaidi ya miaka thelathini. Baadhi yao leo wana magari makubwa na wananisimamia njiani kunisalimu. Mwaka jana nilikwenda ofisi moja kufuatilia hati ya kiwanja. Kijana wa mezani, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wangu, alichukua kadi yangu, akaigeuza, akaiangalia tena, kisha akaniuliza kwa upole, bila nia mbaya hata kidogo: “Mzee, na kwenu unarudi lini?”

Ni upole wake ulioniumiza. Aliuliza kama mtu anayeuliza mvua itaanza lini. Zaidi ya miaka tisini tangu nkambo ashuke kwenye treni, vizazi vinne, na bado tunasubiriwa turudi.

Na sasa gazeti letu linaandika “mafuriko” chini ya picha ya kijana mmoja mwenye mfuko mmoja. Bwana Mhariri, neno hilo nalijua. Nimelisikia mwaka 1992, na baada yake likafuata lile lingine la wadudu. Vijana hawa wanaoshuka stesheni, na wale wanaoendesha pikipiki mnaowaita wewa, neno ambalo kwa Kiluba cha Kasai ni “wewe” tu, wanaweza kuwa na makosa yao. Mwizi ashtakiwe kwa wizi wake, anayeendesha bila leseni alipishwe faini, awe wa Kasai au wa Kasenga. Wala sikatai kwamba shule zimejaa na kazi hakuna, na kwamba mzawa wa Luapula anayeuza makaa kando ya barabara ana haki ya kuuliza watoto wake watakula nini. Ninachowaomba waandishi wenu ni kwamba mnapomtuma mtu stesheni, amuulize kijana jina lake, na anajua kufanya kazi gani, na alisoma mpaka darasa gani, mambo yaleyale ambayo fomu ya Marekani ilimuuliza binti yangu. Katika habari yenu ndefu ya juma lililopita wamezungumza mkuu wa mtaa, mfanyabiashara na polisi. Aliyepigwa picha hakuulizwa kitu.

Kwa hiyo nina ombi la pili. Kama mpiga picha wenu anaweza kumpata tena kijana yule wa bidoni la manjano, amwambie aje Katuba. Chumba cha nyuma alicholala Mujinga mpaka siku ya safari yake kina kitanda, meza na dirisha linalofunga. Mke wangu amekubali; nilimuuliza usiku uleule wa kusoma gazeti, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameanza kuhamisha magunia ya makaa. Atakaa bila kodi mpaka mvua ziishe. Atatusaidia kuteka maji, kwa kuwa bomba letu linatoka usiku wa manane na magoti yangu yamechoka. Jioni nitamfundisha Kiswahili cha hapa kama hakijui. Aulize nyumba ya mwalimu mzee yenye mti wa parachichi mlangoni, nyuma ya duka la unga. Nipo kila siku baada ya saa nane.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi